Shajara ya mradi: seti ya Ami iliyodhaniwa kufa baharini

Lamu, tarehe 2 Juni

Leo baada ya swala ya Alasiri, Ami alimtuma mjukuu wake aniletee mzigo uliofungwa kwa kanga kuukuu, na ndani yake mlikuwa na seti ambayo tangu utotoni nimeijua kwa sauti yake tu. Ni seti ndogo ya kubebwa, iliyotengenezwa Japani: upande wa kushoto ina kioo cha inchi 5, upande wa kulia ina spika na mstari wa kutafutia stesheni, na juu yake kuna mkono wa kushikia pamoja na eriali ya kuvuta. Televisheni ya nyeusi na nyeupe, redio ya FM na redio ya mawimbi ya kati zote zimo katika kasha moja la plastiki. Ami, mdogo wake marehemu baba yangu, aliinunua Uingereza mwaka 1978 alipokuwa baharia, akarudi nayo, na tangu hapo imekaa katika kidaka cha chumba cha ndani nyumbani kwake Mkomani.

Habari zake nilizipata kwa Ami mwenyewe nilipokwenda kumwamkia juzi. Redio ilisema vizuri kwa miaka mingi, kisha ikaanza kukwaruza, ikawa inasema siku moja na kunyamaza siku tatu, hatimaye ikanyamaza moja kwa moja. Televisheni nayo haijapata kuonyesha picha hata mara moja tangu ishushwe Kenya. Kule Uingereza, meli ikiwa gatini, yeye na wenzake waliitazama kila usiku. Alipofika kwao na kuiwasha, akaona chenga tupu, zile nukta nyeupe zinazochemka kwenye kioo kisicho na picha. Sanduku lake lilikuwa limepata maji ya bahari njiani, na miaka yote hii ameamini kwamba maji hayo ndiyo yaliyoiharibu.

"Mimi ndiye niliyeiua, mwanangu," aliniambia. "Ningeiweka kitandani isingelowa. Wewe nitengenezee redio, hiyo inatosha."

Neno lililonishika katika maelezo hayo ni chenga. Televisheni iliyokufa haileti chenga, bali hubaki na kioo cheusi. Chenga ni dalili kwamba tyubu ya picha inawaka, kwamba mistari inachorwa kutoka juu hadi chini, na kwamba sehemu kubwa ya seti iko hai ila haijapata kitu cha kuonyesha. Sikumwambia Ami jambo hilo, kwa sababu miaka mingi imepita na sijui seti ina nini leo. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Tarehe 4 Juni

Nimeifungua. Skrubu za seti za Kijapani za miaka ile zinafanana kwa macho na skrubu za msalaba tulizozizoea, lakini mfereji wake umechongwa tofauti kidogo, na bisibisi isiyolingana nayo huruka na kutafuna kichwa. Nilitumia ile niliyoisaga ncha kwa ajili ya kazi hizi, na skrubu zote sita zimetoka nzima.

Kabla ya kugusa chochote niliishughulikia tyubu. Hata televisheni ndogo kama hii hufanya kazi kwa umeme wa zaidi ya volti 5,000 kwenye kifuniko cha mpira kilicho ubavuni mwa tyubu, na kioo chenyewe kinaweza kuuhifadhi umeme huo baada ya seti kuzimwa. Nilifunga waya kutoka kwenye utepe wa chuma unaogusa rangi nyeusi iliyopakwa nje ya tyubu, nikaupitisha kwenye rezista kubwa hadi kwenye bisibisi yenye mpini mnene, nikaiingiza polepole chini ya kifuniko, mkono wangu wa pili ukiwa mgongoni. Hapakuwa na cheche yoyote, na sikutarajia iwepo baada ya miaka yote hiyo, lakini hii ni desturi ambayo sitaki kuiacha hata siku moja.

Niliyoyaona ndani yamenifikirisha. Nilitafuta alama ya maji: mstari wa chumvi kwenye bodi, kutu iliyoanzia pembe ya chini na kupanda juu, karatasi ya transfoma iliyovimba. Hakuna hata moja. Kutu ipo, na ni nyingi, lakini imetapakaa kila mahali kwa kiasi kilekile, kijani juu ya shaba na nyeupe juu ya alumini, kama inavyotapakaa katika kila kitu cha chuma katika kisiwa hiki ambacho upepo wa kusi hukipulizia chumvi miezi mizima. Kutu ya namna hii huletwa na hewa. Ikiwa sanduku lililowa, basi maji hayakufika ndani ya seti.

Sehemu iliyoharibika kwa majimaji ni chumba cha betri. Seti inachukua betri kubwa 9, na mtu alizisahau humo. Zilikuwa za kaboni na zinki, za bei ya chini, na zilizovuja zikala chemchemi tatu za kugusia. Hapa ningependa kueleza kidogo, kwa kuwa nimeona mafundi wengi wakipaka siki juu ya kila betri iliyovuja. Siki inafaa kwa betri za alkali, kwa sababu majimaji yake ni ya alkali nayo siki ni asidi; moja humaliza ukali wa nyingine. Betri za kaboni na zinki majimaji yake huelekea upande wa asidi, na kuyaongezea siki ni kuongeza ugonjwa. Nimetumia magadi yaliyoyeyushwa katika maji kidogo, nikapiga kwa mswaki mpaka povu likakoma, nikasuuza kwa spiriti na kuacha chumba kikauke usiku kucha mbele ya feni. Chemchemi mbili zimepona, ya tatu nitaitengeneza upya kwa waya wa chuma.

Tarehe 5 Juni

Leo nimeanza na redio, ingawa lengo langu la siri ni televisheni. Katika seti za namna hii, nusu mbili hizo zinatumia kwa pamoja usambazaji mmoja wa umeme, kikuza sauti kimoja na spika moja. Kwa hiyo redio ni shahidi wa televisheni: ikisema, nimejua kwamba umeme unafika, kikuza sauti ni kizima, spika haijakatika, na ninaweza kuacha kushuku vitu vingi kabla hata sijaigusa sehemu ya picha.

Sikuiunga kwenye stima ya ukutani. Nilitumia mashine yangu ya umeme wa mezani, nikaiweka volti 12 na kuibana isitoe zaidi ya nusu ampea. Jambo moja liliniokoa: nilitazama mchoro mdogo uliopigwa chapa pembeni mwa tundu la umeme, nikaona kwamba pini ya katikati ni hasi. Seti nyingi za Kijapani za wakati huo zilifanywa hivyo, na chaja nyingi za leo ni kinyume chake. Mtu asiyetazama anaweza kuiua seti kwa sekunde moja akidhani anaifufua.

Umeme ulifika, lakini spika ilikaa kimya. Mita ilionyesha volti 12 kwenye kiingilio cha swichi ya kuchagulia, ile ya kusukuma kati ya televisheni, FM na mawimbi ya kati, na kwenye kitokeo chake ikaonyesha volti 3 na kitu, zikipanda na kushuka kila nilipoigusa. Niliifungua swichi hiyo kwa uangalifu. Vijilimi vyake vya fedha vilikuwa vyeusi kama masizi. Sikuvikwangua kwa msasa, kwa sababu ngozi ya fedha juu yake ni nyembamba sana na ikitoka hairudi. Nilikata ukanda wa karatasi ngumu, nikaulowesha kwa spiriti, nikaubana kati ya vijilimi na kuuvuta, tena na tena, kila ukanda ukitoka na mstari mweusi, mpaka ukanda wa kumi na moja ulipotoka mweupe.

FM ilisema mara ileile. Ilikuwa saa tano usiku, na mke wangu alitoka chumbani kuuliza ni nani anayesoma Kurani saa hizi.

Tarehe 9 Juni

Mawimbi ya kati yamenichukua siku tatu, ingawa ubovu wenyewe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele.

Redio ya mawimbi ya kati haitumii eriali ya kuvuta. Ndani ya kasha kuna kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa koili, na koili hiyo ndiyo eriali yake. Waya wake si uzi mmoja wa shaba. Ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, kila uzi ukiwa na rangi yake ya kuutenga na mwenzake, na juu yake hariri. Husokotwa hivyo kwa sababu umeme wa masafa hayo hupita kwenye ngozi ya waya zaidi kuliko kiini chake, na nyuzi nyingi zina ngozi kubwa kuliko waya mmoja mnene.

Nilikichukua kijiti nikakiweka chini ya lenzi kubwa na taa. Mahali koili inapoungwa na bodi, kwenye nukta ya lehemu, nilihesabu nyuzi saba, na katika hizo ni mbili tu zilizokuwa bado zimeshika. Tano zilikuwa zimekatika hapo hapo zilipotoka kwenye lehemu, na ncha zake zimegeuka unga wa kijani. Hizo mbili zilitosha kuifanya mita iseme kwamba koili ni nzima, na ndiyo sababu nilipoteza siku mbili nikishuku transista. Mita inaweza kusema kweli na bado ikakupoteza.

Nilikata milimita tatu, nikazisafisha nyuzi zote saba kwa ncha ya chuma cha kulehemu chenye tone la lehemu mpya, nikazisokota tena na kuziunga. Koili nyingine za hatua ya 455 kilohezi, ambako kila stesheni hugeuzwa kuwa masafa mamoja kabla ya kukuzwa, sikuzigusa kabisa. Ipo tabia ya kuzungusha kila kiini kinachozungushika mtu anapokosa sauti, na nimepokea seti nyingi ambazo ubovu wake wa kweli ulikuwa mmoja na wa fundi aliyetangulia ulikuwa ishirini.

Mchana ilikamata kituo kimoja kwa mbali. Baada ya Isha niliipeleka juu ya dari, mbali na kuta za mawe ya matumbawe ambazo ni nene mno, nikaizungusha polepole, na stesheni zikajaa mstari mzima, Kiswahili na Kiarabu na lugha nisizozijua. Ndivyo mawimbi hayo yalivyo: mchana tabaka la chini la anga huyafyonza, jua likitua tabaka hilo hufifia, nayo huruka hadi tabaka la juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka.

Kwa ahadi niliyompa Ami, kazi imekwisha. Kwa upande wangu sasa ndipo inapoanza.

Tarehe 14 Juni

Nimeiwasha sehemu ya televisheni kwa mara ya kwanza, mashine ya umeme ikiwa imebanwa kwenye ampea moja na nusu. Binti yangu wa miaka 14 alikuwa ameketi karibu nami akifanya kazi zake za shule.

"Baba, inalia," alisema.

Mimi sikusikia kitu. Nilimwuliza inalia vipi, akasema kama mbu mwembamba sana. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Televisheni ya mistari 625 huchora picha nzima mara 25 kwa sekunde, yaani mistari 15,625 kila sekunde, na transfoma iliyo katika sehemu inayoisukuma miali ya elektroni kulia na kushoto hutetemeka kwa kasi hiyohiyo. Sauti ya juu namna hiyo masikio ya kijana huisikia, na masikio ya mtu wa umri wangu yameshaiaga. Kwa neno moja binti yangu alinithibitishia kwamba nusu ya televisheni inayotengeneza zile volti elfu tano iko hai.

Shingoni mwa tyubu palionekana wekundu mdogo wa moto. Kisha kioo kikawaka, lakini si chote: mstari mmoja mweupe mkali uliolala katikati kutoka kushoto hadi kulia, na kwingine kote giza. Niliupunguza mwanga upesi, kwa sababu miali yote ikikusanyika kwenye mstari mmoja huunguza unga unaong'aa ndani ya kioo, na kovu lake halifutiki.

Mstari huo unaeleza mengi. Miali inakwenda kulia na kushoto, lakini haipandi wala haishuki. Nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu inayosukuma miali juu na chini mara 50 kwa sekunde. Transista zake mbili ni nzima. Koili za shingoni hazijakatika. Kati ya transista na koili kuna kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, iliyoandikwa mikrofaradi 1,000, nikaitoa na kuipima, ikasoma 9. Imekauka. Kwa nje haikuwa imevimba wala kuvuja, na mtu angeweza kuipita mara kumi bila kuishuku.

Tarehe 25 Juni

Siku kumi zilipita kwa kungoja. Kapasita ziliagizwa Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, na siku mbili bahari ilikuwa chafu kwa kusi kiasi kwamba mzigo ulilala ng'ambo. Nimeagiza za volti 25 badala ya 16, na za kustahimili joto la nyuzi 105, kwa kuwa tundu za hewa za kasha hili ni chache. Nilibadilisha ile iliyokufa na nyingine nne zilizosoma chini ya nusu ya thamani yake. Zilizo nzima nimeziacha. Najua wapo wanaobadilisha zote kwa pamoja, nami siwalaumu, lakini kila unapoitia bodi ya zamani moto, vijia vya shaba hulegea, na bodi hii tayari imeteswa na chumvi.

Nilipoiwasha, mstari ulifunguka kama pazia, ukajaa kioo kizima. Chenga. Chenga safi, zinazochemka kuanzia juu hadi chini, na spika ikitoa mvumo wake wa mvua. Hivi ndivyo Ami alivyoiona mwaka 1978.

Tarehe 27 Juni

Sasa inahitaji kitu cha kuonyesha. Matangazo ya televisheni ya analogi yalizimwa nchini mwaka 2015, kwa hiyo hewani hakuna tena kituo ambacho seti hii ingeweza kukikamata peke yake. Njia iliyopo ni kuchukua picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi na kuzigeuza kuwa kituo kidogo cha UHF, yaani masafa ya juu ya televisheni, kwa kutumia modyuleta. Nilikuwa na modyuleta niliyoitoa katika deki ya video iliyokufa, kijisanduku cha bati kinachotoa kwenye chaneli ya 36. Kwanza niliilisha kwa chaja ya simu, picha ikaja na mistari ya mshazari inayotembea. Nilipoitengenezea umeme wa volti 5 uliotulia, mistari ikatoweka.

Picha ilitoka. Mtangazaji wa habari, nyeusi na nyeupe, picha kali kiasi kwamba nilimwona kitufe cha shati. Sauti haikutoka. Palikuwa na mvumo tu, na ndani ya mvumo mtetemo mdogo uliobadilika maandishi meupe yalipopita kwenye kioo.

Kikuza sauti na spika nilishavithibitisha kwa redio, kwa hiyo nilivuka moja kwa moja hadi kwenye sehemu inayotenga sauti ya televisheni. Hapo, kati ya koili mbili, kuna kichujio kidogo cha rangi ya chungwa, chenye miguu mitatu, kikubwa kama punje ya kunde. Nilikipangusa vumbi kwa pamba. Kimeandikwa 6.0.

Nilikaa nikikitazama kwa muda. Katika mfumo wa televisheni tuliokuwa tukiutumia hapa, sauti husafiri megahezi 5.5 juu ya picha. Uingereza walichagua megahezi 6.0. Seti hii inaisikiliza sauti mahali ambapo modyuleta yangu haikuiweka. Kisha nikakigeuza kibandiko cha nyuma, ambacho nilikuwa nimekisoma siku ya kwanza bila kukitia maanani: UHF, chaneli 21 hadi 68. VHF, masafa yaliyo chini yake, haimo. Uingereza kufikia miaka hiyo televisheni ya mistari 625 ilikuwa kwenye UHF peke yake, na seti nyingi ndogo zilizouzwa kule hazikuwekewa kitu kingine. Kenya, televisheni ya taifa iliyoanza mwaka 1962, na ambayo mwaka 1978 ilikuwa chini ya Sauti ya Kenya, ilirushwa kwa VHF.

Seti ya Ami ilifika nchini ikiwa nzima. Iliwashwa, ikatafuta katika masafa ambayo huku hayakuwa na kituo, ikaleta chenga, kama ilivyopaswa. Na hata vituo vya UHF vilipokuja miaka ya 1990, ingetoa picha bila sauti. Maji ya bahari hayakuhusika.

Tarehe 28 Juni

Sikutaka jambo hili lingoje mpaka kazi iishe. Baada ya Magharibi nilikwenda Mkomani, nikamkuta Ami amekaa dakani na kikombe chake cha kahawa. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza taratibu, nikimchorea kwa kidole juu ya baraza la mawe: huku wapi walikuwa wakirusha, kule wapi, na seti yake ilikuwa ikisikiliza wapi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilipoishusha ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Ami. Huku hapakuwa na kituo cha kuipa picha."

"Na yale maji?"

"Hayakuingia. Nimetafuta alama yake kila mahali, sikuiona."

Aliuliza tena jambo lilelile kwa maneno mengine, nami nikamjibu tena. Aliposimama kuniaga aliniambia niilete hata kama haijaisha. Nilimwomba wiki mbili.

Tarehe 3 Julai

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha seti: kuondoa kichujio cha 6.0, kutia cha 5.5, na kuirekebisha koili ya kutambua sauti iliyo baada yake. Ni kazi ya nusu saa, na ndivyo mafundi walivyofanya kwa seti nyingi zilizotoka Uingereza. Ya pili ni kuiacha seti jinsi ilivyotoka kiwandani na kuibadilisha modyuleta. Nimechagua ya pili bila kusita. Modyuleta ni bati lililotoka kwenye deki iliyotupwa, na hakuna mtu atakayeiuliza asili yake. Seti hii haikuwahi kufunguliwa sehemu ya picha na fundi mwingine kabla yangu tangu itoke kiwandani, na sikuona sababu ya kuifanya isahau ilikotoka kwa kuwa mimi nilitaka njia fupi.

Ndani ya bati kuna koili moja yenye kiini cha kuzungusha, na kapasita ndogo ya pikofaradi 100 pembeni yake. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua sauti iwekwe wapi. Nilikizungusha kiini kwa bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma ingeivuruga koili yenyewe. Mvumo kwenye spika ulipungua, nikasikia maneno yaliyokwaruzika kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi, kisha kiini kikafika mwisho wa njia yake kabla sauti haijanyooka.

Hesabu yake si ngumu. Masafa hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha kapasita, kwa hiyo kutoka 5.5 hadi 6.0 kapasita inatakiwa ishuke mpaka asilimia 84 ya ilivyokuwa. Asilimia 84 ya pikofaradi 100 ni 84, na kapasita iliyo karibu zaidi inayouzwa ni ya 82. Nilikuwa nazo tatu katika bodi ya redio mbovu. Niliitoa ya zamani, nikaiunga hiyo, nikakirudisha kiini katikati, na kuanza kukizungusha upya, robo kwa robo.

Katika mzunguko wa pili mvumo ulikatika ghafla, na katika ukimya huo sauti ya mwanamke ikasema, kwa utulivu na bila mkwaruzo hata mmoja, kwamba upepo wa kusini utaendelea kuwa mkali Pwani. Nilikipita kidogo mpaka sauti ikaanza kuharibika, nikarudi nyuma mpaka ikaanza kuharibika upande wa pili, nikakiacha katikati, nikakifunga kwa tone la nta.

Tarehe 6 Julai

Nimeiacha ikiwaka saa nne mfululizo. Inakula ampea 1.1 kwa volti 12, yaani kiasi cha wati 13, na kiwango hicho hakijapanda. Picha ilikuwa imebanwa kidogo upande wa chini, watu wakionekana na miguu mifupi, nikairekebisha kwa kidhibiti cha ndani. King'amuzi nacho kilikuwa kikituma picha pana ya siku hizi, nikakiweka kwenye uwiano wa 4 kwa 3 ili kioo kijae bila nyuso kurefuka. Kwenye maeneo ya rangi kali huonekana nukta ndogo zinazotambaa, ambazo ni alama ya rangi inayoingia kwenye seti isiyojua rangi. Sikuona haja ya kuzichuja, kwa kuwa kwa umbali wa mkono mmoja hazionekani.

Upande wa shaba wa bodi nimeupaka vanishi nyembamba ili chumvi isirudi kuula, nikiepuka vidhibiti, swichi na eneo lote la volti nyingi. Kipande cha tatu cha eriali kimepinda na bado hakiingii vizuri ndani ya chenzake. Nimeagiza kingine, nacho kitangoja boti.

Tarehe 9 Julai

Niliibeba mwenyewe hadi Mkomani, imefungwa kwa kanga ileile. Tuliiweka katika kidaka chake, king'amuzi na modyuleta nyuma yake pasipoonekana. Ami alitaka kwanza redio, mawimbi ya kati, akazungusha kitufe kwa kidole gumba kama mtu anayejua kila stesheni ilipo. Kisha akasukuma swichi mwenyewe. Picha ilipokuja alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa ukuta, na akakaa hapo hadi Isha.

Ndani ya kifuniko cha nyuma nimebandika karatasi, kwa fundi atakayeifungua baada yangu: "Sauti ya televisheni ni ya 6.0, usiibadilishe. Modyuleta yake imetiwa kapasita ya 82. Pini ya katikati ni hasi. Betri za kaboni na zinki zisikae humu. Seti hii haikuingiwa na maji ya bahari." Sentensi ya mwisho ni Ami aliyeniomba niiandike.